Toroli la magurudumu mawili mlimani: unavuta au unasukuma? Vijana wangu karibu wazichape

#1 DukaLaChini
Wakuu habari za jioni.

Niko Lindi mjini, nina duka la vifaa vya ndani na gesi huku chini karibu na bahari. Wateja wangu wengi wako juu, upande wa Mtanda. Lami ikikata kinabaki kinjia cha udongo mwekundu na changarawe, kirikuu haipenyi, bodaboda ukimwonyesha friji anawasha pikipiki anaondoka. Kwa hiyo nimenunua matoroli yale ya kusimama, magurudumu mawili chini na bamba la chuma la kuchotea mzigo. Sakafuni raha tupu. Shida ni mlima.

Nina vijana wawili. Mmoja anapanda kinyumenyume: yeye juu, mzigo chini yake, anavuta. Mwenzake anasema huo ni ushamba, mtu aangalie aendako, kwa hiyo anasukuma mzigo ukiwa mbele yake. Juzi wametoleana maneno mbele ya mteja huku friji limeegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Nani yuko sahihi? Na wakati wa kushuka je?

La pili: toroli moja likipakiwa friji linavuta kushoto njia nzima. Likiwa tupu linakwenda sawa. Tatizo nini?

#2 Mmwera_Halisi
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu waje.

#3 KuliMstaafu
Huyo wa kinyumenyume yuko sahihi, mpe chai. Nimekula ukuli bandarini Mtwara miaka mingi na kanuni ilikuwa moja: mlimani mtu hakai chini ya mzigo. Kupanda unavuta, wewe uko juu. Kushuka unatanguliza mzigo, wewe uko nyuma yake, yaani bado uko juu. Ukizidiwa unaachia, unaruka pembeni, linakwenda zake. Friji linanunuliwa jingine. Ukiwa chini na ukazidiwa, linakupitia wewe kwanza, na goti haliuzwi dukani.

#4 ChikongolaBoy
Mzee #3 shikamoo. Lakini kurudi kinyumenyume kwenye changarawe si ndiyo utajikwaa lije likukalie? Mimi nabeba saruji, mifuko mitatu kwa mkupuo, nasukuma. Ukivuta unatumia mikono na kiuno. Ukisukuma unatia miguu, kifua, uzito wote wa mwili. Gari likizimika barabarani watu wanakwenda nyuma kusukuma, sijaona wanaokwenda mbele kuvuta.

#5 Mwl_Nyuzi
Nafundisha fizikia sekondari, Masasi. Niweke namba kidogo.

Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, ina mwongozo wa mambo haya. Inasema kwa jumla kusukuma ni bora kuliko kuvuta, ili mradi unaona mbele na unamudu kukata kona na kusimama. Hapo ChikongolaBoy ana pointi. Kwenye sakafu tambarare na toroli zima, nguvu ya kuusogeza mzigo ni angalau asilimia 2 ya uzito wake. Mzigo wa kilo 400 unahitaji kama kilo 8 tu za kusukuma. Ukiuweka mzigo huohuo kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 12, nguvu inapita kilo 30, na hapo sakafu ni laini na magurudumu mazuri. Mwongozo wenyewe unataka mwanamume asizidi kama kilo 20 kuuanzisha mzigo na 10 kuuendeleza. Kwa mwanamke ni 15 na 7.

Sasa njoo nyumbani. Magunia mawili ya korosho, kilo 80 kila moja, kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 6. Kulizuia tu lisirudi nyuma ni kama kilo 26. Bado changarawe, bado mashimo, bado kupanda kwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kuvuta au kusukuma, mwenye duka apime mlima. Ubao wa mita moja na pima maji vinatosha. Laza ubao, nyanyua upande wa bondeni mpaka pima maji itulie katikati, pima pengo lililobaki chini yake. Sentimita 8 hivi ni mwinuko wa 1 kwa 12. Ukikuta 17 mtu mmoja asipande na friji, avute, asukume, aombe dua.

#6 ChikongolaBoy
Mwalimu mlima ninaoupanda mimi ni nyuzi 45, yaani asilimia 50. Hizo hesabu zako za 1 kwa 12 ni za hospitali.

#7 Mwl_Nyuzi
Nyuzi 45 ni asilimia 100, si 50. Kila mita moja mbele unapanda mita moja. Hata ngazi za nyumbani kwa kawaida hazifiki huko. Ukiwa na saruji mkononi kila mlima ni nyuzi 45.

#8 Mmwera_Halisi
Kwanza Chikongola ina mlima tangu lini? Ninyi mkipanda tuta la barabarani mnasema mmepanda mlima.

#9 ChikongolaBoy
Nalala Chikongola, kazi nafanya Mikindani. Panda njia ya Boma na mfuko wa kilo 50 halafu uje uandike tena.

#10 BintiMikindani
Mzee #3 heshima yako, ila hilo la "unaachia linakwenda zake" limenishtua. Linakwenda wapi? Hapa Mikindani chini ya kila mlima kuna watu. Watoto wanacheza, mtu ametandaza dagaa, mzee kakaa barazani. Toroli lenye friji likiachiwa halichagui.

#11 Mwl_Nyuzi
Dada #10 umenena. Likishuka kimo cha mita 3 tu, na msuguano ukiwa mdogo, linafika chini na mwendo unaokaribia kilomita 27 kwa saa. Ni mwendo wa pikipiki mtaani, lenye breki sifuri na kilo mia na kitu. Kwenye changarawe litapungua, lakini si la kusimama mbele yake.

#12 KuliMstaafu
Sijasema muachie kwa starehe. Nimesema bora friji kuliko mtu. Anayefanya kazi hii kweli hatembei peke yake. Wa pili anakuja ubavuni, si chini, ana kabari mkononi. Kabari ni kipande cha mti kilichokatwa mshazari. Mvutaji akisimama kupumzika, kabari inaingia chini ya gurudumu papo hapo. Tulikuwa tunaifunga kamba fupi ili mtu asiiname kuitoa na vidole vikabaki chini.

Na ChikongolaBoy, kuhusu kujikwaa: unapita njia kwanza mikono mitupu, unatoa mawe. Mzigo unaulaza zaidi kuliko sakafuni. Sakafuni unatafuta pale ambapo mpini haukulemei wala haukunyanyui, uzito wote uko juu ya ekseli. Mlimani ukiusimamisha vile vile, bamba linaelekea bondeni na mzigo unachungulia shimo. Ulaze kwako, kamba mbili, ya chini kaza kuliko ya juu.

#13 FundiWaEngo
Nachomelea Masasi, matoroli nayatengeneza kwa skwea paipu na engo. Nijibu swali la pili, naona limeachwa yatima.

Kuvuta kushoto ni upepo. Likiwa tupu matairi yote mawili yanaonekana sawa hata kama moja lina upepo nusu. Ukipakia, lenye upepo mdogo linakaa, fremu inalala upande huo, toroli linafuata. Chukua pampu ya baiskeli, jaza yote mawili sawasawa, tatizo limekwisha.

#14 BintiMikindani
Fundi #13, mimi natengeneza mafriji na nina wazo jingine. Mleta mada, friji unalipakiaje? Kama vijana wako wamefundishwa vizuri, ubavu wa friji ndio unaegemea toroli, si mgongo. Mgongoni kwa mafriji mengi kuna yale mabomba membamba ya kupozea, ukiyakandamiza kwenye chuma umenunua kesi. Sasa friji likiegemea ubavu, mgongo wake unaangalia kushoto au kulia. Na kompresa iko wapi? Chini, mgongoni. Ile mashine ndiyo kipande kizito kuliko vyote. Kwa macho boksi limekaa katikati, uzito uko pembeni.

Nina uhakika wanapakia mgongo ukiwa kushoto. Walisogeze friji kidogo kulia, kompresa isogelee katikati ya magurudumu.

Na likilazwa sana au likiangushwa ubavu, mteja asiliwashe hapohapo. Lisimame masaa kadhaa kwanza, mafuta yarudi kwenye kompresa.

#15 Msafiri_wa_Rondo
Wote mmekosa. Njia za udongo za huku mvua inazila upande mmoja. Upande wa mfereji uko chini, toroli linafuata mfereji. Kupima ni rahisi: likivuta kushoto wakati wa kupanda, basi wakati wa kushuka litavuta kulia. Likivuta kushoto kote kote, ni toroli.

#16 Mwl_Nyuzi
Hapana #15, kipimo chako hakifanyi kazi kwa huyu kijana wa kinyumenyume. Kupanda anaangalia bondeni. Kushuka anaangalia bondeni. Kushoto kwake ni upande uleule wa barabara safari zote mbili, kwa hiyo iwe njia, iwe toroli, jibu ni moja. Kipimo hicho kinamfaa yule anayesukuma tu.

Afadhali ageuze friji, mgongo uwe kulia. Likianza kuvuta kulia, dada #14 kashinda. Likibaki kushoto, tunarudi kwa fundi na kwako.

#17 ChikongolaBoy
Ona sasa, hata toroli linataka msukumaji.

#18 KuliMstaafu
Au kijana mwenyewe ni wa mkono wa kushoto. Anayevuta huku anarudi nyuma, mkono wenye nguvu unashinda. Hilo hakuna aliyeliuliza.

#19 FundiWaEngo
Kuna na ekseli. Matoroli mengi ya dukani ekseli yake ni nondo nyembamba. Likiwa tupu imenyooka, ukiweka kilo 100 inapinda katikati na magurudumu yanafunguka miguu. Beringi upande mmoja ikiwa imekufa ndiyo kabisa. Ninyanyulie picha ukiwa umepakia, piga kwa nyuma, usawa wa magurudumu.

#20 MtuWaNewala
Nasoma hapa nacheka. Mnabishana kuhusu vilima. Njooni Newala, tuko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote liko miguuni. Maji kihistoria yako chini, watu wako juu. Mama zetu wameyapandisha kichwani vizazi na vizazi, na vijana wakayapandisha kwa baiskeli.

Mtu anafunga madumu sita ya lita 20 kwenye baiskeli. Hizo ni kilo 120 za maji tu. Hapandi juu yake. Nyuma ya siti kuna fimbo imefungwa wima kwa mipira ya tyubu. Mkono mmoja usukani, mmoja kwenye fimbo, bega linagusa dumu la juu. Hayuko mbele wala nyuma ya mzigo. Yuko ubavuni. Ikianza kurudi anakata usukani, gurudumu la mbele linakwenda mshazari, baiskeli inajisimamisha yenyewe.

Kwa hiyo wote wawili wamekosea. Mlimani unakaa pembeni.

#21 KuliMstaafu
Baiskeli ina usukani na breki. Toroli la kusimama ukilishika kwa pembeni linalala chini. Usichanganye vyombo.

#22 Mmwera_Halisi
Mnewala ameleta baiskeli kwenye uzi wa matoroli. Kesho atatuletea punda.

#23 MtuWaNewala
Punda ana akili, mlima akiukataa ameukataa. Binadamu anaahidiwa buku mbili anapanda.

#24 Mkokoteni_Sabasaba
Mimi ni wa mkokoteni, Mtwara mjini. Siku nikitumwa mlimani huwa napanda zigizaga, kushoto kulia, kushoto kulia. Mwinuko unapungua. Kwa nini toroli lisifanye hivyo?

Na kushuka sisi tuna breki. Nyuma ya mkokoteni, chini ya bodi, tunapigilia kipande cha tairi kuukuu la gari. Ukitaka kupunguza mwendo unanyanyua mikono ya mbele juu, mkia unashuka, tairi linakwaruza barabara. Ukinyanyua zaidi unasimama kabisa. Ukisikia harufu ya mpira ujue mtu kabeba mzigo wa kweli.

#25 Mwl_Nyuzi
Zigizaga kwa mkokoteni sawa, magurudumu yako mawili yameachana sana na mzigo umelala chini. Toroli la kusimama ni jembamba na mzigo ni mrefu. Ukilipitisha mshazari, gurudumu moja linakuwa juu, jingine chini, kitovu cha uzito kinatoka nje ya magurudumu, friji linaanguka ubavu. Mlimani toroli linakwenda moja kwa moja, juu au chini. Kona unaikata pale penye tambarare.

#26 Mkokoteni_Sabasaba
Nimekuelewa mwalimu, japo friji nimelipandisha zigizaga na halikuanguka.

#27 Mwl_Nyuzi
Lilikuwa limelala juu ya mkokoteni.

#28 Mkokoteni_Sabasaba
Lilikuwa limelala, ndiyo.

#29 BintiMikindani
Na mteja akaliwasha hapohapo. Sasa nimejua kazi zangu zinatoka wapi 😂

#30 DukaLaChini
Asanteni wote. Kijana mmoja nimemsomea, amefurahi, mwingine kanuna. Friji tutalipakia tena na kuligeuza kama alivyosema mwalimu. Vipi kuhusu mitungi ya gesi? Nina ya kilo 6, 15 na 38. Kuna mtu kaniambia ule wa 38 ukiulaza kwenye toroli unakuwa mfupi, haupinduki.

#31 FundiWaEngo
Usilaze mtungi wa gesi ya kupikia. Ndani kuna kimiminika chini na mvuke juu, na valvu imetengenezwa ikae upande wa mvuke. Ukiulaza, kimiminika kinaifikia valvu. Ikivuja hapo hautoki upepo, yanatoka maji ya gesi, na tone dogo likigeuka mvuke linakuwa wingu kubwa. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, itateremka na mlima kumfuata mwenye jiko la mkaa kule chini. Usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au mkanda, usifungwe kwa mpira wa tyubu.

Sisi wa kuchomelea mitungi ya oksijeni ndiyo mibaya zaidi. Ni mirefu, myembamba, na ina mgandamizo mkubwa kuliko wa gesi ya jikoni. Kofia ya chuma lazima iwe imefungwa kabla hujasogeza hata hatua moja. Valvu ikivunjika mtungi unaondoka wenyewe na huwezi kusema utaelekea wapi.

Na ujue kilo 38 ni gesi peke yake. Chuma cha mtungi hakijahesabiwa. Ukiwa umejaa unakaribia kuwa gunia la korosho.

#32 Afisa_wa_Zamani
Naomba niguse jambo lisilopendwa. Hao vijana wawili ni waajiriwa au vibarua? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira salama, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kukusanya michango 2015 uko kwa ajili ya ajali kama hizi. Duka dogo nalo ni mwajiri.

Halafu hili la magunia ya kilo 80. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 linasema mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia letu la korosho linapita hapo kabla hata mtu hajaanza kupanda.

#33 ChikongolaBoy
Afande, ukinipunguzia gunia liwe kilo 50 nitalipwa nusu, nitapanda mara mbili. Wewe kokotoa hapo kiuno kimepona au kimekufa.

#34 Mmwera_Halisi
Hapa ndipo penyewe. Mnatafuta sababu kwenye matairi na kompresa, kumbe mtu analipwa kwa safari, kwa hiyo anapakia zaidi na anakimbia. Mpe mshahara wa siku uone kama atavuta mifuko mitatu.

#35 KuliMstaafu
Sikubali. Nimewaona wa mshahara wakipakia zaidi ili wamalize wakalale. Tamaa na uvivu vinazaa toroli moja.

#36 Msafiri_wa_Rondo
Turudi mlimani. Huku Rondo miti mizito tunaishusha kwa kamba, tunazungusha kwenye shina la mti ulio juu. Mtu mmoja anashika mkia wa kamba, mzigo unateremka taratibu. Kwa friji mnaogopa nini? Funga kamba kwenye fremu ya toroli, zungusha kwenye mnazi, mmoja aongoze, mmoja alegeze.

#37 Mwl_Nyuzi
Hiyo napiga kura. Msuguano wa kamba kwenye shina unaongezeka kwa kila mzunguko, na hauongezeki kwa kujumlisha, unazidisha. Ukichukua kipimo cha msuguano cha 0.3, mzunguko mmoja kamili unapunguza nguvu ya mshikaji zaidi ya mara 6. Mzunguko wa pili unapunguza mara 6 tena juu ya hapo. Zile kilo 26 zinakuwa kama kilo 4, kisha chini ya kilo 1. Mtoto anashikilia.

#38 KuliMstaafu
Asimpe mtoto. Meli zinafungwa gatini hivyohivyo, kamba inazungushwa kwenye gingi, lakini anayeshika mkia ni mtu mzima na hasimami ndani ya duara la kamba. Mguu ukiwa ndani ya duara na kamba ikakimbia, unabaki unajiuliza ulikuwa unatafuta nini.

#39 FundiWaEngo
Na kamba iwe ya katani au manila. Ya nailoni inanyumbuka, unalegeza haiendi, unalegeza haiendi, mara inaruka nusu mita. Ikisuguana sana kwenye shina inayeyuka.

#40 BintiMikindani
Na mwenye mnazi aombwe kwanza. Huku kwetu mnazi una mwenyewe hata kama uko barabarani.

#41 MtuWaNewala
Mnazi wenyewe uko wapi nikipanda Mtanda? Ukifika penye mwinuko mkali kuna ukuta wa tofali za kuchoma. Ukizungusha kamba hapo unashuka na friji na ukuta.

#42 Kijana_wa_Nachingwea
Kuna matoroli niliyaona mtandaoni, kila upande lina magurudumu matatu yamepangwa pembetatu, yanajizungusha yakifika kwenye ngazi. Hayo hayawezi kumaliza ubishi?

#43 FundiWaEngo
Yanamaliza ubishi wa ngazi. Gurudumu moja linakanyaga daraja, la pili linazunguka linakanyaga linalofuata. Lakini daraja liwe na kimo kinacholingana na yale magurudumu, na ngazi ziwe za usawa. Kwenye changarawe magurudumu yake ni madogo, yanazama. Huku kwetu gurudumu kubwa la upepo ndilo linalovuka jiwe. Dogo linagonga jiwe linasimama, mzigo unaendelea na safari.

#44 Kijana_wa_Nachingwea
Shukrani fundi. Ila Wakoloni walikuwa na akili, walileta reli mpaka Nachingwea kwetu, mzigo unakwenda wenyewe.

#45 KuliMstaafu
Ile reli ya karanga? Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, karanga zenyewe zikagoma kuota, reli ikang'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki.

#46 Mwl_Nyuzi
Na reli ndiyo yenye woga wa mlima kuliko wote. Chuma juu ya chuma, msuguano mdogo, ndiyo maana treni inavuta mzigo mkubwa hivyo. Lakini asilimia 2 au 3 ya mwinuko inaihenyesha. Mwinuko ambao ChikongolaBoy anaupanda na saruji, garimoshi lingesimama.

#47 ChikongolaBoy
Naomba hiyo post ibandikwe juu kabisa. Nimelishinda garimoshi.

#48 Mmwera_Halisi
Garimoshi halilipwi kwa safari.

#49 DukaLaChini
Taarifa fupi. Tumegeuza friji, mgongo kulia. Sehemu ya chini ya mlima lilikwenda sawa, tulipofika penye mfereji likavuta kushoto tena, ila si kama mwanzo. Upepo tulijaza kabla ya kuondoka.

#50 BintiMikindani
Nimeshinda nusu.

#51 Msafiri_wa_Rondo
Nusu nyingine ni yangu, mfereji huo.

#52 FundiWaEngo
Mmejaza upepo na kugeuza friji siku moja, sasa nani atajua kilichosaidia ni kipi? Na ekseli hamjaigusa.

#53 MtuWaNewala
Fundi, mimi nimelikamata la breki. Nataka toroli lenye breki ya pikipiki, ile ya ngoma, na waya unakuja mpaka kwenye mpini. Inaingia kwenye rimu ya toroli la kawaida?

#54 FundiWaEngo
Rimu ya toroli la dukani haina nafasi ya ngoma. Inabidi utumie gurudumu zima la nyuma la pikipiki, na lina kimo. Ukiweka ekseli palepale chini, bamba la kuchotea linaning'inia hewani halifiki sakafuni. Ekseli ipande juu na irudi nyuma ya fremu, halafu mpini urefushwe, la sivyo kulilaza utahitaji watu wawili. Inawezekana, ila linakuwa toroli la mlimani tu, mlango wa dukani halipiti.

#55 KuliMstaafu
Na breki mbili zivutwe na waya mmoja, upande mmoja ukikamata kabla ya mwenzake utazungushwa.

#56 MtuWaNewala
Mlango nitapanua. Nikuletee fremu?

#57 FundiWaEngo
Tuma picha kwanza, upande wa ekseli. Usinitumie ya kwako umesimama nalo.